Uzoefu wangu wa kipimo cha PET: dawa isiyongoja foleni

Picha nawapa nyota 5. Kumweleza mgonjwa, 2. Hospitali ni ya Nairobi, jina nalihifadhi.

Nilimaliza matibabu ya limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, daktari akataka PET, picha inayoonyesha sehemu za mwili zinazokula sukari nyingi kama saratani, ili kujua kama kuna kilichobaki. Nilifika saa moja asubuhi bila kula tangu usiku, nikatobolewa kidole kupimwa sukari, kisha nikakaa. Saa tatu, kimya. Saa nne, nesi anasema "dawa iko njiani." Mzee mmoja kando yangu akanung'unika: kwani hawawezi kuiweka akiba kwenye friji?

Hapo ualimu wa fizikia ukanipanda. Dawa hiyo ni sukari iliyobandikwa florini-18, aina ya florini yenye mionzi. Florini ya kawaida ina protoni 9 na neutroni 10. Hii ina 9 kwa 9, kwa hiyo protoni zimezidi na kiini hakitulii mpaka moja igeuke neutroni. Mara 97 kwa 100 hutema positroni, yaani pacha wa elektroni mwenye chaji chanya. Zilizobaki, kiini humeza elektroni ya atomu yake chenyewe. Kinachobaki ni oksijeni-18, ileile iliyokuwa ndani ya maji yaliyopigwa protoni kwenye saiklotroni, mashine ya kuongeza kasi ya chembe, ili kuitengeneza florini hiyo! Positroni haifiki mbali mwilini. Ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka, na miale miwili ya gama hutoka ikipeana migongo. Mashine hunasa jozi hizo.

Nusu-maisha yake ni dakika 110. Tukikaa benchini muda huo, nusu imeshakwenda, friji au hakuna friji. Ndiyo maana watengenezaji huanza na ziada.

"Basi Mwalimu, ni barafu juani," akasema mzee.

Sindano ilikuja saa tano. Baada yake, saa nzima kulala bila kuongea wala kutafuna, maana msuli unaofanya kazi hula sukari na kuwaka kwenye picha. Ombeni blanketi, baridi nayo huwasha mafuta ya shingoni. Mashine yenyewe ilinichukua nusu saa, haina kelele kama MRI.

Lililoniudhi ni kwamba niliambiwa nikiwa mlangoni natoka: usimpakate mtoto hadi kesho, maana mwili bado unatoa miale. Mjukuu wangu alikuwa garini ananingoja. Nikakaa nyuma kabisa, yeye mbele na mamake, analia njia nzima.