Danone nyeupe isiyo na sukari: nimeila, nimeigandishia maziwa, na haya ndo maoni yangu

Assalamu alaykum jamani. Mie mtu wa mtindi toka mdogo. Kwetu Wete, Pemba, bibi alikuwa akigandisha maziwa kwenye chungu kidogo cha udongo, anakifunika kawa anakiweka kando ya jiko, na sie watoto marufuku hata kukigusa maana kikitikisika tu mtindi unakatika maji. Kwa hiyo nikisema yogati fulani nzuri, sisemi kwa kuwa nimeona tangazo.

Wiki mbili nyuma nimepita supamaketi moja hapa mjini nikaikuta yogati ya Danone, ile nyeupe tupu isiyo na tunda wala sukari. Bei ilinishtua wallahi, kikopo kimoja pesa yake unanunua lita nzima ya maziwa ya ng'ombe na chenji inabaki. Lakini jina hili nalisikia miaka yote na historia yake nilishaisoma, nikasema leo lazima niionje.

Kwanza hiyo historia, maana ndo iliyonifanya nichukue nyeupe nikaacha za matunda. Mwanzilishi ni Isaac Carasso, mtu wa Salonica, mji ambao wakati ule ulikuwa chini ya dola ya Waturuki na mtindi huko ni chakula cha kila siku kama kwetu mchuzi. Akahamia Barcelona, Hispania, akakuta watoto wengi wanaumwa matumbo, wanaharisha. Na huko Paris kwenye Taasisi ya Pasteur kulikuwa na mwanasayansi Metchnikoff, huyu alipata Nobel 1908 kwa kazi yake ya kinga ya mwili, na alikuwa akisema sana kwamba vijidudu vya maziwa mgando vina faida tumboni. Basi Carasso akachukua mbegu kutoka hapo Pasteur akaanza kutengeneza yogati mwaka 1919, anaiweka kwenye vikopo vya kaure, na ikiuzwa kwenye maduka ya dawa! Yani mtu anaenda famasi kuchukua dawa ya mtoto anatoka na mtindi. Jina akalitoa kwa mwanawe Daniel, ambaye nyumbani wakimwita Danon. Hapo mie ndo panaponigusa, mzee kaiita biashara yake jina la kumdekeza mwanawe.

Mtoto mwenyewe akakua, akasomea biashara, akapita Pasteur kujifunza hao bakteria, na 1929 akafungua Danone ya Paris. Vita ikaja, wao Mayahudi, Wanazi washaingia Ufaransa, 1941 akakimbilia New York, na mwaka uliofuata yeye na jamaa wa familia ya Metzger wakachukua kiwanda kidogo cha yogati mtaa wa Bronx. Jina wakaligeuza kidogo likawa Dannon ili lisikike Kimarekani. Lakini Wamarekani wengi ule uchachu hawakuuzoea, biashara ikawa ngumu, mpaka 1947 wakaweka jemu ya stroberi chini ya kikopo na hapo ndo watu wakaanza kununua. Hizi za matunda mnazozigombania kwenye friji za maduka leo, hapo ndo zilipochangamka. Daniel baadae akarudi Ulaya, kampuni ikaungana na watu wa jibini wa Gervais 1967, halafu 1973 ikaungana na BSN, kampuni iliyotokana na viwanda vya vioo na chupa, ikazidi kukua mpaka 2014 ikanunua asilimia 40 ya Brookside, kampuni ya maziwa hapo Kenya. Daniel mwenyewe alifariki 2009 akiwa na miaka 103.

Haya turudi kwenye kikopo changu. Ukifungua unakuta maji ya manjano kidogo juu, msiyamwage, korogeni humo humo. Yogati yenyewe nzito, laini, haina vibonge, na uchachu wake mpole, hauumi meno. Nimeila na tende asubuhi, ikanoga. Jioni nikaila na wali na samaki wa kukaanga, hapo kusema kweli mtindi wetu unaishinda, kwa wali unataka uchachu unaopiga. Nikanunua na ya stroberi kwa ajili ya watoto, wamelamba mpaka kifuniko lakini ile ni peremende ya maziwa, sukari imezidi, sitoirudia.

Jaribio kubwa nililofanya ni kuangalia kama vijidudu viko hai kweli. Nikachemsha maziwa nusu lita, nikayaacha yapoe mpaka kidole kinavumilia, nikatia vijiko viwili vya Danone nikakoroga polepole, nikafunika sufuria nikaifunga kwenye kanga mbili na blanketi. Masaa saba baadae nimefunua imeganda, kijiko kinaacha shimo na shimo linabaki. Tafauti na mtindi wa bibi ni kwamba ule unaganda wenyewe kwenye joto la nyumba tu, huu unataka maziwa yawe vuguvugu muda wote, ukiyaacha yapoe haugandi vizuri. Basi kile kikopo cha bei kali kimenizalia mara nne sasa, kila nikimaliza nabakisha vijiko viwili vya kuanzia.

Malalamiko yangu ni kwa duka sio kwa kampuni. Kikopo cha mwanzo nilichochukua kifuniko kilikuwa kimevimba kama puto, umeme ulikatika siku hiyo na friji ilikuwa vuguvugu, nikamwonesha kijana wa kaunta akanambia ndivyo zilivyo. Sivyo zilivyo jamani! Kifuniko kikivimba rudisheni, na gusa kikopo kwanza, kama si baridi achana nacho hata kama tarehe bado.

Na kuhusu dawa ya tumbo msipelekwe mbio na matangazo. Kwamba mtu anayesumbuliwa na maziwa freshi anaweza kuvumilia zaidi yogati hilo kweli, sababu vijidudu vinasaidia kusaga ile sukari ya maziwa. Lakini 2010 kampuni hii hii Marekani ilikubali kulipa majimbo 39 dola milioni 21 kwa matangazo ya bidhaa zake Activia na DanActive yaliyodaiwa kuzisifia kupita kiasi. Mtoto akiharisha mpe maji ya chumvichumvi, ile ORS ya pakiti, na umpeleke hospitali.

Nyeupe naipa nne kwa tano, moja nimeikata kwa bei. Ya stroberi mbili. Mwenye kununua nyeupe anunue moja tu, nyengine agandishe mwenyewe. Mie hapa kesho nagandisha ya tano, na safari hii natumia chungu cha bibi nione kama kitashika joto kuliko sufuria.