Miaka 15 ya ndoa kwenye bembea: safari yetu ya Dubai kutoka Tanga

Nilipomwambia mume wangu kwamba ningependa tuadhimishe miaka 15 ya ndoa yetu kwenye bembea, alidhani namtania. Yeye alikwisha kuiwazia Zanzibar, boti ya asubuhi na chumba chenye baraza inayotazama bahari, jambo ambalo kwa watu wanaoishi Raskazone, hapa Tanga, na kuiona bahari kila siku halina upya wowote. Mimi nilikuwa na deni la utotoni. Sikukuu za Idi pale Tangamano, mama yangu aliweza kumlipia kila mtoto mzunguko mmoja tu wa bembea zile za kusukumwa kwa mikono, na kila mwaka nilishuka nikiwa sijashiba.

Tulichagua Dubai Parks and Resorts, mkusanyiko wa bustani za michezo uliofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2016 huko Jebel Ali, kwenye njia kuu iendayo Abu Dhabi. Ni vyema msomaji aelewe mapema kwamba hiyo si bustani moja. Motiongate, inayohusu sinema, ina lango lake na tiketi yake. Legoland, iliyolengwa kwa watoto wa miaka 2 hadi 12, ina lango lake. Bustani ya maji iko kando, na mwaka 2024 ikaongezwa nyingine ya mashabiki wa Real Madrid. Wakala wetu alitushawishi tununue tiketi ya bustani zote. Tulikataa, na sijutii, kwa kuwa watu wazima wawili wasio na mtoto mkononi hutosheka na Motiongate, na siku moja iliyopangwa vizuri huwatosha.

Kuhusu wakala huyo, ambaye ofisi yake iko mjini hapa na ambaye sitamtaja jina, nitasema mazuri yake kwanza. Viza ya Falme za Kiarabu huombwa kupitia mdhamini, kama vile shirika la ndege, hoteli au wakala, na yeye aliishughulikia bila kutusumbua. Sharti lililotuchelewesha lilikuwa la upande wetu: pasipoti inapaswa kuwa na uhai wa angalau miezi 6, na ya mume wangu ilikuwa imebakiza minne. Ilibidi ajaze maombi mapya mtandaoni, alipe shilingi 150,000, kisha aende ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kuchukuliwa alama za vidole. Kwa anayepanga safari ya tarehe maalumu, ambayo haiwezi kusogezwa mbele, hilo ni jambo la kuangaliwa kabla hata ya kuulizia bei.

Tatizo lilikuwa hoteli. Tangazo lilisema tungelala "karibu na vivutio", nasi tukaamini, mpaka usiku mmoja nilipofungua ramani kwenye simu na kuona kwamba hoteli iliyoandikwa kwenye vocha ilikuwa Deira, yaani upande wa pili kabisa wa jiji. Kutoka huko hadi Jebel Ali ni safari ya makumi ya kilomita, metro haifiki langoni, na nauli ya teksi ya kwenda na kurudi kwa siku mbili ingemeza sehemu kubwa ya tofauti ya bei tuliyodhani tumeiokoa. Wakala alijibu kwamba Deira ni karibu na vivutio vya soko la dhahabu. Jibu hilo ni la kweli, na ndiyo maana liliniudhi zaidi. Tulibishana kwa ujumbe wa WhatsApp kwa siku nne, tukaongeza pesa, na hatimaye tukapatiwa usiku mbili Lapita, hoteli iliyomo ndani ya eneo lenyewe la bustani, huku usiku mbili za mwisho zikibaki kule kule Deira.

Iwapo kuna jambo moja ambalo ningependa wanandoa wenzangu walichukue kutoka katika maelezo haya, ni hilo la kulala ndani. Bustani ya michezo ni mahali pa kelele, foleni na watoto wanaolilia barafu, na anayekaa humo tangu asubuhi hadi jioni bila kutoka hurudi chumbani akiwa na miguu iliyovimba na ulimi mkali. Huo si wakati wa kuzungumza na mwenzi wako habari za miaka 15. Sisi tuliingia Motiongate milango ilipofunguliwa, tukapanda vyombo vyenye foleni ndefu kwanza, na adhuhuri tukarudi hotelini kuswali, kulala kidogo na kukaa kwenye maji. Lapita imejengwa kwa mtindo wa visiwa vya Polinesia, ina mabwawa na mfereji wa maji yanayokusukuma polepole ukiwa umekaa kwenye boya, na humo ndimo tulimozungumza zaidi kuliko tulivyozungumza nyumbani kwa mwaka mzima. Alasiri tukarudi bustanini tukiwa wapya.

Ndani ya Motiongate, sehemu ya DreamWorks, kampuni ya filamu za katuni, kwa kiasi kikubwa iko chini ya paa na ina viyoyozi, faida ambayo wanaosafiri wakati wa kiangazi cha huko, joto linapovuka nyuzi 40, wataithamini kuliko sisi tuliokwenda Januari. Sisi tulipatwa na kinyume chake. Tulitoka Tanga katikati ya joto la kaskazi tukiwa na nguo nyepesi, na usiku wa kwanza mume wangu akalazimika kununua sweta kwa bei ambayo hadi leo hataki kuitaja. Kwa wanawake wenzangu: mtandio ubanwe kwa pini imara kabla ya kupanda rola-kosta, yaani kigari cha reli kinachopanda na kushuka kwa kasi, na mkoba uachwe kwenye kabati. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mume wangu, aliyekuja kwa ajili yangu tu, alikaa kimya huku amefumba macho, kisha akaniomba tupande tena.

Jioni tulitembea Riverland, mtaa wa migahawa na maduka unaounganisha bustani hizo kandokando ya mto wa kutengenezwa, ambao sehemu yake moja imejengwa kwa sura ya kijiji cha Ufaransa. Taa zikiwashwa panapendeza, na watoto wengi huwa wamekwisha kuondoka. Kuna watakaouona uzuri huo kuwa wa maigizo, nami siwapingi. Mwenye kupenda kuta za kale zenye historia yake aende Pangani. Chakula ni halali na kinatosheleza, ila ni ghali. Niliwaandikia hoteli wiki moja kabla kuwaeleza sababu ya safari yetu, na tulikuta chumbani keki ndogo na kadi yenye majina yetu, la mume wangu likiwa limekosewa herufi moja.

Kuna pia ada ambayo wakala hakututajia. Dubai hutoza hoteli zote kodi ya utalii inayoitwa Tourism Dirham, kati ya dirhamu 7 na 20 kwa kila chumba kwa usiku mmoja kulingana na daraja la hoteli, na mara nyingi hudaiwa mapokezi hata kama vocha inasema kila kitu kimelipwa. Si fedha nyingi, lakini kuombwa pesa mbele ya kaunta usiku wa manane, baada ya basi la alfajiri kutoka stendi ya Kange, Tanga, na saa tano na nusu angani, hakupendezi.

Gharama yote, pamoja na nyongeza ya hoteli, ilikaribia shilingi milioni 6 kwa watu wawili. Hoteli naipa nyota nne na Motiongate nne. Wakala nampa mbili, zote kwa ajili ya viza. Watoto, tuliowaacha Muheza kwa bibi yao, wamekwisha kuziona picha, na baba yao ndiye aliyeanza kuuliza bei za Legoland.