Pete ya uchumba: jiwe gani ununue, kuanzia namba moja hadi lile usiloguse kabisa

Msimu wa kuchumbiana ukifika swali ni lile lile, ninunue almasi ya mgodini au hizi za maabara, na ukiingia dukani kila muuzaji anavutia kwake: wa mgodini anakwambia ya maabara ni feki, wa maabara anakwambia ya mgodini ina damu ya watu. Wote wawili wanakudanganya. Ya maabara ni almasi kamili, kaboni ile ile, ugumu 10 ule ule kwenye kipimo cha 1 hadi 10, na kale kamashine ka mkononi ka sonara kakiigusa kanasoma almasi. Na ya mgodini nayo, Botswana wamejenga shule na hospitali na barabara kwa hela hiyo hiyo ya almasi, kwahiyo kumtupia kila mchimbaji neno damu ni kuwaonea watu.

Mi nasimama hapa: nunua jiwe la kuvaa, usinunue ukidhani umeweka akiba. Ukishalikubali hilo, mpangilio wangu ni huu.

1. Almasi ya maabara yenye cheti

Teknolojia yenyewe ni ya siku nyingi, General Electric walitangaza almasi yao ya kwanza 1955 huko Marekani, ila zilikuwa chenga za kazi za kiwandani. Leo njia ni mbili, moja wanabana kaboni kwa presha kubwa sana na joto la zaidi ya nyuzi 1,300, nyingine wanaingiza gesi ya methani kwenye chemba, inavunjwa, kaboni inashuka tabaka kwa tabaka juu ya kipande chembamba cha almasi, wiki kadhaa una jiwe. China na India ndio wanazimwaga sokoni, na ndio maana bei imeporomoka vibaya. Angalia De Beers wenyewe, wakubwa wa almasi za mgodini: 2018 walianzisha Lightbox wakauza ya maabara dola 800 kwa karati (kipimo cha uzito wa jiwe), 2024 wakashusha hadi 500, na 2025 wakatangaza wanaifunga kabisa. Sasa duka likikutajia bei ya miaka mitano iliyopita kwa jiwe la leo, aga uondoke.

Hasara yake ni moja na ni kubwa, ukitaka kuuza baadaye unapata hela ndogo sana au hupati kabisa. Usikubali muuzaji akwambie itapanda.

Cha kuangalia kwanza ni mkato, kabla hata ya ukubwa. Mkato ni kama mshono wa nguo, kitambaa cha bei mbaya kikishonwa ovyo hakivaliki, na jiwe la karati 2 lililokatwa nene tumboni linaficha uzito chini halafu juu linaonekana dogo na limezubaa. Karati 1 ya duara iliyokatwa vizuri inapimika kama milimita 6.5 kwa upana, mwambie sonara atoe kipimo uone mwenyewe. Halafu litoe jiwe chini ya zile taa kali za dukani, sogea nalo mlangoni kwenye mwanga wa mchana, maana za njia ya gesi zingine zina ukahawia kwa mbali na za presha zingine zina ubuluu, na taa za dukani zinaficha yote hayo. Kwenye cheti tafuta jina la IGI au GIA, taasisi zinazopima na kuthibitisha mawe, ila jua GIA 2025 walitangaza kwamba za maabara hawatazipa tena madaraja yale marefu ya rangi na usafi, wanazigawa mafungu mawili tu, kwahiyo ukitaka maelezo ya kina nenda na IGI. Namba ya cheti huwa imechongwa kwa leza kwenye ukingo mwembamba wa jiwe, omba lenzi uisome, kisha iingize kwenye tovuti yao hapo hapo kabla hujalipa.

2. Almasi ya mgodini, ndogo, yenye cheti

Kama moyo wako unataka jiwe lililotoka ardhini, nunua, hakuna ubaya, na kwa Mtanzania hii ina uzito wake. Mwadui pale Shinyanga, mgodi uliogunduliwa 1940 na John Williamson, mjiolojia wa Kanada, ndiko lilikotoka lile jiwe la pinki la karati 54.5 lililookotwa 1947 akazawadiwa binti mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake, likakatwa likabaki karati 23.6. Hiyo ndiyo sifa ya Mwadui. Lakini Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi huo huo lilipasuka, tope likafunika nyumba na mashamba ya watu, na hilo nalo ni la Mwadui. Ndio maana nasema uliza jiwe limetoka mgodi gani, sio nchi tu. Muuzaji atakujibu lina cheti cha Kimberley, sawa, ule mfumo upo tangu 2003, ila kazi yake ni kuzuia almasi mbichi zinazolipia vita vya waasi, hauangalii mwanakijiji aliyepigwa na mlinzi wala shamba lililofunikwa tope.

Kuokoa hela chukua 0.90 badala ya karati 1 kamili, bei inaruka pale kwenye namba kamili wakati jicho halioni tofauti. Na hii nayo ukiirudisha dukani hawakupi ulichotoa, hata kama inashikilia thamani kuliko ya maabara.

3. Moisanaiti

Hii sio almasi na muuzaji mwaminifu atakwambia hivyo. Ni silikoni kabaidi, ugumu 9.25, inadumu kwa kuvaa kila siku, na inatupa rangi nyingi za upinde wa mvua kuliko almasi yenyewe, wengine wanaipenda kwa hilo. Zamani faida yake ilikuwa bei, sasa hivi almasi za maabara zimeshuka mpaka zinaikaribia, ndio maana nimeishusha. Kuwa makini: kamashine kanakopima joto peke yake kanaisoma kama almasi, mwambie sonara atumie kanakopima na umeme. Au chukua lenzi uiangalie kwa kuinamisha kidogo, mistari ya upande wa nyuma utaiona imejirudia miwili miwili.

4. Tanzanaiti

Naipenda sana, inachimbwa Mererani tu dunia nzima, lakini kwa pete ya kila siku hapana. Ugumu wake ni 6 hadi 7, na vumbi la kawaida la nyumbani lina chembe za mchanga zenye ugumu 7, kwahiyo kila ukiifuta kavu kavu unaikwaruza. Mnunulie hereni au kidani, atafurahi nacho miaka.

5. Zirkonia (cubic zirconia, jiwe la kutengenezwa)

Ya bei ya chini kabisa, nzuri kama unahitaji pete ya kusafiria au ya muda. Inapoteza mng'ao kwa kukwaruzika, na ukiishika ni nzito kuliko almasi ya ukubwa ule ule.

La kutogusa: "almasi" isiyo na karatasi

Kuna mtu atakuja na kijiwe kwenye karatasi iliyokunjwa, atakwambia kimetoka mgodini juzi, ana shida ya hela ya haraka. Kama ni kioo umeibiwa. Kama ni almasi kweli na ni mbichi, ndio mbaya zaidi, maana Tanzania huruhusiwi kununua wala kuuza madini ghafi bila leseni, na ukikamatwa nayo kesi ni yako wewe mnunuzi pamoja na yeye. Hata akiwa shemeji yako.