"Taarifa ilitumwa, mzazi": uzoefu wangu na matangazo na mafunzo ya wazazi shuleni

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya mwalimu wa hesabu, ofisi isije ikajipigia makofi.

Ninachopima hapa ni huduma ya shule ya msingi ya kuwafikishia wazazi habari: grupu la WhatsApp la matangazo, SMS, karatasi za kwenye begi la mtoto, na yale mafunzo ya wazazi ambayo habari hizo zinatakiwa kuyatangaza. Shule siitaji. Wenyewe watajijua wakisoma.

Kosa ni hili. Wiki kadhaa zilizopita tangazo la kipindi cha pili cha mafunzo, kile cha hesabu, liliingia kwenye grupu likisema Alhamisi. Dakika kama kumi na mbili baadaye mtu wa ofisi akagundua kwamba siku si hiyo. Akalirudia tangazo lile lile, akafuta "Alhamisi", akaandika "Jumatano". Basi. Hakutuma kitu kingine.

Anayeijua WhatsApp ameshajua kilichofuata. Ujumbe unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15 tangu utumwe, lakini ukihaririwa simu ya mpokeaji hailii. Hakuna arifa mpya. Kinachoongezeka ni kineno kidogo pembeni ya saa kinachosema umehaririwa, na hicho hukioni mpaka ufungue grupu na kuutafuta ujumbe wenyewe. Aliyesoma tangazo lilipoingia hana sababu ya kulifungua tena. Aliyelisambaza kwenye grupu la darasa, nakala yake ilibaki na Alhamisi, kwa sababu kuhariri ujumbe hakugusi nakala zilizokwisha kusambazwa. Aliyepiga picha ya skrini ndiyo kabisa. Kwa hiyo yakawepo matangazo mawili: la Jumatano kwenye grupu kuu, ambako hakuna aliyerudi kuangalia, na la Alhamisi kwenye magrupu ya madarasa, ambako ndiko wazazi wanakosoma. WhatsApp haina kosa hapo. Kuhariri kumewekwa kwa ajili ya kusahihisha herufi iliyoteleza, na siku ya mkutano si herufi iliyoteleza.

Alhamisi wazazi wakafika, darasa limefungwa. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi, na jibu lililotokea pale ndilo lililonikalisha niandike haya: "Taarifa ilitumwa, mzazi. Muwe mnasoma vizuri." Bila kuinua uso kwenye daftari. Hata "poleni" haikutoka.

Ilitumwa! Maji nayo yakimwagwa kwenye ndoo iliyotoboka yametumwa ndooni.

Tangazo likibadilika, kazi ya kufanya haimalizi dakika tano. Tuma ujumbe mpya, neno la kwanza likiwa MABADILIKO kwa herufi kubwa, kwa sababu maneno ya mwanzo ndiyo yanayoonekana kwenye arifa kabla mtu hajafungua simu. Taja siku mpya, halafu taja na ya zamani kwamba imefutwa. Aliyeishika Alhamisi kichwani hatosheki na kusikia Jumatano, atadhani ni vipindi viwili. Kisha ule ujumbe wa kwanza ufute kwa wote, ili asitokee mtu wa kuusambaza kesho. Ule mpya ubandike juu ya grupu. Kuna chaguo la saa 24, siku 7 au siku 30, na kwa tangazo la wiki hiyo siku 7 zinatosha. Mwisho, waambie wawakilishi wa madarasa waupeleke kwenye magrupu yao na kila mmoja ajibu "umefika". Mwakilishi asiyejibu hadi jioni anapigiwa simu. Hapo ndipo ofisi inaweza kufungua kinywa ikasema taarifa imetumwa.

Na siku iandikwe pamoja na tarehe, kila mara. "Jumatano tarehe 12" inajikagua yenyewe: ukikosea kimoja, mzazi mmoja kati ya wengi atafungua kalenda na kukuuliza mbona havilingani. "Jumatano" peke yake haimwambii mtu kama ni ya wiki hii au ijayo.

Kuna wazazi waliosema pale mlangoni kwamba dawa ni kuacha grupu na kutumia orodha ya matangazo, ile inayomfikia kila mtu peke yake. Polepole. Orodha moja inabeba watu 256, na ujumbe wake unamfikia yule tu aliyehifadhi namba ya mtumaji kwenye simu yake. Mzazi ambaye hajaihifadhi namba ya ofisi hapati chochote. Grupu ambalo maadmini peke yao wanaweza kuandika ni salama zaidi, mradi mtu asije akawasha ujumbe wa kutoweka. Uliowekwa utoweke baada ya saa 24 umekwenda kabla mzazi wa zamu ya usiku hajaamka vizuri.

SMS za shule hii nazo ni somo. Zinaanza hivi: "Ndugu mzazi/mlezi, uongozi wa shule unakusalimu na unapenda kukujulisha kwamba". Nimehesabu. Herufi 78 pamoja na nafasi, na bado hakuna lililosemwa. SMS moja inabeba 160. Ukizidisha, ujumbe unakatwa vipande vya 153, na kila kipande kinahesabiwa kama SMS yake. Halafu karani ananakili maandishi kutoka kwenye programu ya kuandikia barua, pamoja na alama zake za kunukuu zilizopinda, au anaweka kikatuni cha tabasamu mwishoni. Alama moja tu ya namna hiyo inaushusha uwezo wa SMS kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe uliotosha mmoja unaweza kuwa hata mitatu. Anayelipia anashangaa salio limekwenda wapi.

Iandikwe hivi: "MABADILIKO: Mafunzo ya hesabu kwa wazazi ni JUMATANO tarehe 12, saa 10 jioni, darasa la 3A. Si Alhamisi. Njoo na daftari la mtoto." Herufi 130. Salamu tutasalimiana mlangoni.

Angalia lile neno "jioni". Linaonekana dogo, lakini kwa wasomaji wa Kiswahili ndilo linaloamua nani aje saa ngapi. Ukiandika "saa 10:00" ukaacha hapo, mwenye kufuata saa ya simu atasoma saa nne asubuhi, na mwenye kuhesabu saa kwa Kiswahili atasoma saa kumi jioni. Wote wawili wako sahihi, na wamepishana kwa saa sita. Tiba haina gharama: andika "saa 10 jioni", na ukitaka kuwatuliza wenye saa za namba ongeza 16:00 pembeni. Usiandike moja bila nyingine ukitegemea akili ya msomaji.

Karatasi ya kwenye begi ina ugonjwa wake, na wa shule hii ni wa mkasi. Ni ile fomu ya ridhaa yenye mstari wa nukta katikati: juu maelezo, chini sehemu ya kukata, kusaini na kurudisha. Sasa tazama walivyoipanga. Juu kuna aya tatu za umuhimu wa ushirikiano wa wazazi na shule. Tarehe, saa na darasa viko chini, kwenye kipande kinachorudishwa. Mzazi mwaminifu anasaini, anakata, anamkabidhi mtoto, na nyumbani anabaki na aya tatu za umuhimu wa ushirikiano. Tarehe imerudi shuleni. Kanuni ni rahisi tu: kinachobaki nyumbani kibebe siku, saa, mahali na vitu vya kuja navyo, kinachorudi kibebe jina la mtoto, darasa, saini na namba ya simu inayopatikana. Kama shule inabana karatasi na kumpa mtoto mmoja tu kwa kila familia, apewe mdogo, maana begi lake ndilo linalofunguliwa kila jioni. La mkubwa lina karatasi za muhula uliopita chini kabisa, zimeshikana na ganda la ndizi.

Jarida la kila mwezi nalipita haraka. Ni faili la safu mbili lililopangwa kwa karatasi kubwa, wakati linasomwa kwenye simu. Unavuta kulia, unavuta kushoto, unachoka. Na matangazo yamo kama picha, kwa hiyo huwezi kuyatafuta kwa neno, huwezi kunakili tarehe, na mzazi asiyeona vizuri anayetegemea simu imsomee hasomewi kitu.

Sasa kinachoniuma zaidi. Mafunzo yenyewe ni mazuri. Mazuri mno. Yangekuwa ovyo nisingeandika neno.

Kipindi cha kwanza ni cha kusoma na mtoto, kwa mbinu inayotokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani Grover Whitehurst na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1988. Hatua ni nne: unauliza kuhusu picha, unapima jibu, unalipanua kwa maneno mawili matatu, unamwomba mtoto arudie. Mtoto akisema "mbwa", unasema "ndiyo, mbwa mweusi amelala mlangoni", halafu "hebu sema na wewe". Wazazi hukosea kwa kuifanya mtihani, maswali kila ukurasa, mpaka mtoto anakichukia kitabu. Mara ya kwanza soma hadithi tu hadi mwisho. Maswali yaanze mara ya pili, machache, na yasiwe ya kujibiwa ndiyo au hapana.

Mwezeshaji alisema jambo ambalo sijalisikia kwingine. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto akishazijua silabi, akishatofautisha ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe, anaweza kukusomea ukurasa mzima kama maji bila kuelewa hata mstari. Mzazi anasikia hakuna kukwama, anafunga kitabu kwa furaha. Kwa hiyo msimamishe kwenye neno moja, "alimpikia", umuulize: nani alipika, na nani alikula? Watu wote wawili wamo ndani ya neno hilo. Akiwataja, anasoma. Akikodoa macho, anatamka tu.

Kwa mafunzo ya namna hii ningetoa nyota tano bila kusita.

Kipindi cha hesabu ndicho kilichochomwa na lile "Jumatano". Na kilikuwa na shida ya kutatua, kwa sababu wazazi wengi tulifundishwa kutoa kwa kukopa, na madaftari ya sasa yana mistari ya namba na mishale. Chukua 52 kutoa 27. Kwenye mstari wa namba unaanza 27: kufika 30 ni 3, kutoka 30 hadi 50 ni 20, kutoka 50 hadi 52 ni 2. Jumla 25. Mzazi anaona mishale, anadhani mtoto anachora, anafuta, anamwambia apange namba wima. Mtoto anapanga wima, anaona 2 haitoi 7, anageuza anatoa 2 kwenye 7. Anaandika 35. Kosa hilo lina chanzo, na chanzo mara nyingi ni sisi.

Alhamisi ile, wakati ofisi inafundisha watu kusoma vizuri, mwalimu wa hesabu alisikia kelele akatoka na vijiti vyake. Hakuuliza nani amekosea. Alikaa kwenye baraza, akafunga mafungu matano ya vijiti kumikumi, akaweka viwili pembeni. Hiyo ni 52. Toa 7: viwili havitoshi, basi fungua fungu moja, sasa una mafungu manne na vijiti kumi na viwili. Ondoa saba, vinabaki vitano. Ondoa mafungu mawili, yanabaki mawili. 25. Akasema neno "kukopa" ndilo linalotupoteza, kwa sababu mkopo hulipwa na hapa halipwi mtu. Tuseme "kufungua fungu". Dakika zisizozidi ishirini na tano, watu wamesimama, na kila mmoja aliondoka akijua cha kufanya na daftari la nyumbani.

Kwa hiyo nyota moja ni ukatili. Niseme tatu. Mwalimu kama huyu hapatikani kila shule, na mafunzo haya yanastahili ukumbi uliojaa. Lakini ukumbi haujai, na ripoti yao itaandika kwamba wazazi hawana mwamko. Hapo ndipo nyota zinaponirudi mfukoni. Waliokosa Jumatano walifika Alhamisi, tena kwa wingi! Mwamko ulikuwepo mlangoni umesimama, ukaambiwa usome vizuri. Na kipindi hakijarudiwa hadi leo, ukiacha kile cha barazani ambacho ofisi haikukiandika popote. Mbili. Nimeshuka hadi mbili.

Jana limeingia tangazo la kipindi cha tatu. Ujumbe mpya, umebandikwa juu, siku na tarehe zinalingana, salamu ni neno moja, na wawakilishi wote wamejibu "umefika". Nilikuwa nimeshafungua ukurasa huu nipandishe hadi nne. Kisha nikasoma mstari wa mwisho: "Muda: 10:00. Tuzingatie muda."