Uzoefu wangu: tulikodi boti nyembamba mto Wey, Surrey

Wenzangu mlioko Uingereza mnaotafuta pa kupumzika bila kupanda ndege, mi nawashauri mto Wey. Ukitoka stesheni ya Waterloo, London, na treni haiishi saa moja ushafika Godalming, na boti zenyewe ziko karibu na stesheni. Tulienda mimi, mke wangu, shemeji na watoto wote.

Ndani kuna jiko la gesi, friji, shawa, choo na vitanda, upana ni kama mita 2 tu kwa hiyo mkipishana lazima mmoja ajibanze ukutani, ila tulipika pilau humo ndani na hakuna kilichokosekana. Leseni hawadai. Jamaa wa boti anasimama na wewe pale tezi, yaani nyuma ya boti, anakuelekeza mpaka aone mkono umetulia ndo anashuka. Ukisukuma kana (ule mpini wa usukani) kulia, omo, yaani mbele ya boti, inakwenda kushoto, mi nimekulia Lamu kwenye mashua kwa hiyo hilo sikuhangaika nalo, lakini mke wangu ambaye hajawahi kushika chombo alikuja kuwa anapenya chini ya madaraja vizuri sana mashaallah. Kikubwa ujue haina breki, unarudisha gia nyuma na unasubiri, chuma chote kile hakitii papo hapo. Mwendo unaoruhusiwa ni kama kilomita 6 kwa saa, kuna bibi mmoja na mbwa wake walitembea kandokando yetu kwenye ile njia ya zamani ya farasi waliokuwa wakivuta majahazi ya mizigo, tukapiga naye stori mpaka akatuacha.

Sasa loki, yaani pale boti inaposhushwa au kupandishwa maji ya mto yakibadilika kimo, hapa ndo nilipopapenda zaidi. Unaingiza boti kwenye chumba cha maji, mnafunga milango ya nyuma, halafu aliyeko juu anazungusha kile kishikio cha chuma kufungua vilango vya chini, maji yanatoka na nyie mnashuka nayo, mnaona kuta zinapanda pembeni zimelowa zina ukoga, mpaka maji ya ndani na ya nje yalingane ndipo ule mlango mzito unakubali kusukumwa kwa mgongo. Kabla ya hapo hata mje watu kumi hauendi. Mkiwa mnashuka chungeni kizingiti kilicho chini ya mlango wa nyuma, boti ikikikalia wakati maji yanapungua tezi inaning'inia na omo inazama, kwa hiyo mshika kana akae mbele ya alama inayoonyesha kizingiti na simu aweke mfukoni. Watu wazima wawili wenye nguvu ndo kima cha chini, msiende na wazee watupu.

Mto huu ulianza kupitisha vyombo kutoka Guildford hadi Thames mwaka 1653, kazi iliyoanzishwa na Sir Richard Weston, kipande cha Godalming kikafuata 1764. Ukifika kwenye mageti ya mto yanayoitwa Worsfold Gates unakuta vilango vinainuliwa kwa mkono na kuzuiwa na kigingi, mpaka leo! Mbele kidogo kuna magofu ya Newark Priory, nyumba ya watawa ya zamani, katikati ya malisho, tulifunga kamba jirani na hapo, ng'ombe wanakuja mpaka ukingoni, ndege mdiria akapita chini chini juu ya maji na mtoto wetu mdogo akakataa kulala akimngoja arudi.

Bei si ndogo na hita ilikuwa inakoroma usiku, lakini mkigawana ni sawa na hoteli ya kawaida ya London. Msipange kufika mbali, loki zinakula muda. Na kabla ya kulipa ulizeni mvua ikipandisha maji wanawarudishia hela ama wanawapa tarehe ingine, maana Wey ni mto kweli sio mfereji mtupu, mkondo ukikaza mnaambiwa mkae hapo hapo mlipofunga kamba.