"Mama, wewe pika": shoki mpya za Noah yangu na ule mlio

Nilikuwa nimeapa siandiki. Siku ya kwanza niliandika nikafuta, maana yalikuwa maneno ambayo mtu mzima hayaachi mahali watoto wanapita. Leo nimetulia. Kidogo.

Duka silitaji, wala gereji iliyo nyuma yake. Ni hapa hapa Malindi, na wenyewe wakisoma watajijua.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Gari yangu, Toyota Noah, haijui matembezi, inajua sufuria za pilau, masinia na makreti ya soda, leo Watamu, kesho Mambrui, pengine hadi Kilifi. Shoki za mbele, zile za kuzuia gari isirukeruke, zilikuwa zimekufa zamani. Mafuta yalivuja mpaka yakashika vumbi, na gari ikishuka tuta ilikuwa ikiitikia mara tatu nne kama mashua iliyofungwa gatini. Safari moja ya Mambrui, hata daraja la Sabaki sijalifikia, mchuzi wa kuku ulipanda kifuniko ukashukia zuliani. Jua likiwaka mpaka leo naisikia harufu yake.

Basi Mfunguo Mosi ulipokaribia, na nyote mnajua mwezi huo wa baada ya Ramadhani ni kila mtu anamwoza bintiye, nikaenda nikanunua: shoki mbili za mbele, maunti zake zinazozishika juu, linki za stebilaiza (nitaieleza mbele), na bushi, yaani mipira, za mikono ya chini inayoshika magurudumu. Spea mpya za duka, si zile za kampuni iliyounda gari, maana zile bei yake ni mahari. Kijana wa kaunta alikuwa mpole. Akanitolea kiti, akaniambia kufunga ni bure. Mwenzenu hapo nikayeyuka.

Wakafunga, nikatoka, na kweli niseme: gari ilikuwa nyingine. Kule kuitikia kumekwisha. Nilipita mashimo ya kwetu na trei la mayai kiti cha nyuma na halikuvunjika hata moja. Ningeandika siku ile ningewapa nyota tano na dua juu yake.

Kesho yake ikaanza. Ko. Ko-ko.

Kwenye lami, kimya. Nikiingia njia ya vumbi, gurudumu la upande mmoja likigusa shimo, ko! Kama kuna mtu kafungiwa chini ya gari anapiga hodi. Kwanza nikavishuku vifuniko vya sufuria, nikavifunga kwa kanga kuukuu, kila kimoja na kanga yake. Ko. Nikatoa jeki, nikatoa spana ya magurudumu, nikatoa tairi la akiba, nikatoa hata sarafu zilizokuwa mlangoni. Gari tupu kabisa. Ko-ko. Na ningekula yamini kwamba mlio watoka kulia, chini ya miguu yangu mimi dereva. Hilo liwekeni akilini.

Nikarudi gereji. Yule kijana wa kaunta akanipeleka kwa fundi mkuu, mtu wa makamo, ovaroli safi imepigwa pasi, na hiyo peke yake ingenitosha kujua. Nikamwamkia vizuri. Nikamweleza: kwenye shimo yalia, kwenye lami hailii. Hakunitazama. Akachukua ufunguo, akaingia kwenye gari, akafungua redio.

Naomba msomaji anielewe. Mtu kaitwa asikilize mlio, na jambo la kwanza alilofanya ni kufungua redio! Tena taarabu, na taarabu si kitu cha kusikizwa kwa sauti ya chini. Tukatoka Barabara ya Lamu, lami laini. Tukafika penye tuta, akalipanda taratibu, magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, akashuka. Kimya. Akapanda la pili. Kimya.

"Umeona mama? Hakuna kitu. Spea mpya huwa na sauti yake, utazoea."

Nikamwambia, baba, si kwenye matuta, ni kwenye mashimo, twende njia ya kwetu nikuonyeshe, si mbali. Akacheka. Tulikuwa tumesharudi gereji, vijana wake wawili wamesimama wanatutazama. Akasema, "Mama, wewe pika. Gari tuachie sisi."

Aka!

Wewe pika. Sasa nisikizeni. Mimi mteja akiniambia wali una mawe, simjibu "wewe kula, wali niachie mimi". Nafunua sufuria. Naonja. Na kama jiwe silioni kwenye kijiko cha kwanza nachota cha pili, kwa sababu yeye ndiye aliyetafuna, si mimi. Nililipa pesa ya harusi nzima pale. Hata kama mlio haukuwapo, hata kama ni wazimu wangu mimi, yale hayakuwa majibu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilianza kumwamini. Nikakaa na ule mlio kama wiki mbili tatu. Nikawa na mimi nafungua redio.

Aliyenitoa humo ni dereva wa tuktuk anayenibebea vitu siku za shughuli kubwa. Aliusikia mara moja tu akaniambia, mama Noah, ipeleke gari kwa fundi mzee wa Maweni. Mzee huyo hana kibao wala kaunta. Ana kivuli cha mti wa mkungu, ana sanduku la spana, na ana kiti cha plastiki ambacho mguu mmoja umefungwa kwa waya.

Nikamwamkia, shikamoo. Marahaba mwanangu. Nikaanza hadithi yangu ya redio, akanikata kwa upole. Akauliza:

"Kwenye tuta yalia?"

"La."

"Kwenye shimo la upande mmoja?"

"Hapo ndipo."

"Ukipita shimo huku umekanyaga breki kidogo, yanyamaza?"

Nikasema hilo sijajaribu. Akaniambia nenda kajaribu, urudi. Yaani alinifukuza! Hajagusa hata boneti. Nikaenda nikazunguka, nikakanyaga breki kidogo nikapita shimo, ko vilevile. Nikarudi kumwambia. Akasema vizuri, basi padi na kalipa za breki tuziache, zingekuwa ndizo zingebanwa zikanyamaza.

Kisha akachuchumaa kwenye gurudumu, akatia mkono akaishika springi, akaniambia gari isimame hapo hapo, zungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Nikazungusha. Akahamia upande wa pili, tukarudia. Maunti haina neno, akasema. Ingekuwa imekwama, springi ingejikaza halafu iruke mkononi. Inazunguka kama kawaida.

Ndipo akanieleza lile la tuta, na ninalileta hapa kwa sababu nimewauliza wenye magari kumi na mmoja tangu hapo na hakuna aliyelijua. Stebilaiza ni chuma kirefu kama ufito kinachounganisha gurudumu la kulia na la kushoto ili gari isilale kwenye kona. Kila upande kimeshikwa na linki, na kwenye gari kama yangu linki hiyo imefungwa kwenye shoki yenyewe. Magurudumu yakipanda tuta kwa pamoja, chuma chote chazunguka ndani ya bushi zake, na linki hazivutwi wala hazisukumwi. Lakini gurudumu moja likizama shimoni na mwenzake yuko juu, chuma chajipinda, na hapo linki yavutwa kwa nguvu. Kama imelegea, yagonga.

Mmeelewa alichonifanyia yule bwana wa ovaroli? Alichukua mlio wa linki akaupima kwenye tuta, mahali ambapo linki hailii. Kisha akanicheka. Sijui kama alijua au hakujua, na sijui ni lipi baya zaidi.

Mzee hakumaliza kwa maneno. Alizifungua linki zote mbili, akazifunga pembeni kwa waya zisiguse kitu, akapanda kiti cha nyuma, akaniambia twende, lakini polepole, kwenye kona gari italala. Tukapita njia ile ile ya mashimo. Nilikuwa nimezuia pumzi. Kimya. Shimo la kwanza, la pili, lile kubwa lililo karibu na kisima, kimya kabisa. Mzee akaanza kuchekacheka peke yake huko nyuma.

Iliyolegea ilikuwa ya kushoto. Kushoto! Na mimi yamini yangu yote ilikuwa kulia. Mzee akasema usiamini sikio ukiwa umekaa ndani, sauti hupita kwenye mabati ya bodi ikatokea itakapo.

Linki yenyewe nzima. Mpya, nzuri, haina kosa. Shida ni hivi: ule mguu wa linki unaoshika nati una kichwa cha mviringo kinachozunguka, kwa hiyo ukikaza nati na mguu nao wazunguka. Mwishoni mwa mguu kuna tundu la pembe sita. Unatia alenki pale, kile chuma cha pembe sita kilichopinda, unashikilia, kwa mkono wa pili unakaza nati. Usiposhikilia, unazungusha wee mpaka usiku. Na nati zile zina pete ya plastiki ndani ya kuzuia zisifunguke, kwa hiyo spana yaona ugumu, mkono wadhani imekaza, kumbe ni ile pete tu. Alinionyesha tundu jingine, lile la kwenye mguu wa shoki linamopita mguu wa linki, ukingo umeshaanza kung'aa kwa kugongwa. Ungeliacha, akasema, lingekuwa yai. Na tundu likiwa yai hakuna nati ya kulitibu, ni shoki nyingine.

Akazirudisha zote mbili, akazikaza kwa alenki, akasema hata ile ya kulia haikuwa ya kumsifu mtu. Tukajaribu. Ko imekwisha.

Ila ikabaki sauti nyingine ndogo ambayo ko ilikuwa inaificha, ngweee, kama mtu anayejigeuza kwenye kitanda cha kamba, nikipanda uwanjani kwangu polepole. Hiyo ilikuwa bushi za mikono ya chini. Zilikazwa gari ikiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia, kwa hiyo gari ikishuka chini mpira umeshajisokota na unakaa umesokotwa siku zote. Mzee akaipandisha Noah kwenye mbao nene, magurudumu yamebeba uzito wake, akalegeza bolti, akaitikisa gari, akakaza upya. Basi. Kazi nzima haikufika adhuhuri. Akaniomba shilingi 500. Nikampa na deli la mbaazi na mahamri ambayo nilikuwa nayo, akawaita majirani.

Nikarudi dukani, si kugombana. Nasema uongo, nilikwenda kugombana, nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Maweni. Fundi mkuu hakuwapo, amekwenda Mombasa. Nikamkuta mmoja wa wale vijana wawili, yule mwembamba, ndiye aliyefunga kwa mikono yake. Nikamwuliza tu, mwanangu, ile nati mliikazaje? Akatazama chini. Akasema, "Mama, alenki ya saizi ile ilipotea. Nilimwambia bosi. Akasema kaza hivyo hivyo, mteja anangoja."

Hasira zangu zote zikakosa pa kukaa. Mtoto umri wa mwanangu wa mwisho. Alijua tangu siku ya kwanza. Siku ile nachekwa alikuwa amesimama pale anajua, na ningekuwa mimi, na ugali wangu uko mkononi mwa yule bwana, labda ningenyamaza vilevile. Labda. Alenki haipiti bei ya soda mbili, na kwa soda mbili wamenifanya nijione mwendawazimu.

Kwa hiyo nyota. Nilisema moja. Halafu nikiendesha ile gari usiku kutoka Watamu, masinia nyuma yametulia tuli, napita njia ya Gede bila tone kumwagika, nasema hapana, spea zao ni nzuri, haki ya mtu ni haki yake, nne. Halafu nakumbuka redio ile. Mbili. Kijana wa kaunta na kiti chake, tatu. Wewe pika. Wallahi sijui, wekeni wenyewe.

Shoki za nyuma nazo zimeanza kutoa jasho, na juzi nilikwenda. Duka ni lile lile, maana shoki zao sijaona zaidi yake kwa bei ile. Kijana wa kaunta akanitolea kiti. Nikahesabu pesa, nikabeba maboksi yangu mawili mwenyewe, nikatia kwenye buti. Akatoka nyuma yangu mbiombio.

"Mama, lakini kufunga ni bure!"

Nikamwambia najua, nikaelekea Maweni.