GIMP kwenye studio ya picha: uzoefu wangu na zana za mwanzo

Kazi yangu ni picha za harusi na za paspoti hapa Tanga, na usafishaji wote wa picha naufanya kwa GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha kwenye kompyuta. Naandika kwa ajili ya anayeanza, hasa mwenye studio ndogo anayejiuliza kama programu ya bure inaweza kubeba kazi ya wateja wanaolipa. Inaweza.

Spencer Kimball na Peter Mattis waliianza mwaka 1995 wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na hadi leo inaendelezwa zaidi na watu wanaojitolea. Unaipakua mara moja kutoka gimp.org, kwa kompyuta ya Windows, Linux au Mac, na ikishaingia haikudai bando wala ada. Photoshop ni programu nzuri, sina neno nayo, lakini tangu 2013 Adobe waliielekeza kwenye malipo ya usajili. Kwa studio ya mtaani ambayo mwezi mmoja ina harusi kila wikiendi na mwezi wa Ramadhani haina hata moja, malipo ya kila mwezi ni mzigo. Nakala za wizi zinazozunguka kwenye flashi simshauri mtu: nyingi zinakuja na virusi, na kwenye kompyuta hiyo hiyo ndimo zilimo picha za harusi za watu.

Ukiifungua mara ya kwanza utakuta zana zimejaa upande wa kushoto. Nyingi ziache. Kwa picha ya mtu, jifunze kurekebisha mwanga, kutumia maski (kifuniko kinachoficha au kuonyesha sehemu ya picha), na kuponya madoa. Ukivishika hivyo vitatu, mteja hatajua kama umetumia programu gani.

Mwanga uko kwenye menyu ya Colors. Humo kuna Levels, yenye mchoro wa milima unaoitwa histogramu: kushoto ni weusi, 0, na kulia ni weupe, 255. Chini yake kuna pembetatu tatu. Ya kushoto isogeze hadi mlima unapoanza, ya kulia hadi unapoishia, na picha iliyofifia itapata uhai papo hapo. Ya katikati ndiyo ya uso: ukiivuta kushoto, sehemu za mwanga wa kati zinang'aa bila kuvuruga weusi na weupe. Curves inafanya kazi hiyo hiyo kwa uhuru zaidi, kwa kuwa unaukunja mstari wenyewe mahali unapotaka. Anza na Levels mpaka jicho lizoee kusoma histogramu, ndipo uhamie Curves. Mimi sasa Levels naitumia kwa picha za paspoti tu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kila mpiga picha wa harusi wa huku analijua. Kipimo cha mwanga cha kamera kinachukulia kwamba kilicho mbele yake, kikichanganywa chote, ni kijivu cha kati. Mweke bibi harusi mwenye shela jeupe mbele ya mapambo meupe ya ukumbi: kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza. Shela linatoka la kijivu na uso wa bibi harusi unazama gizani. Ukiing'arisha picha nzima, uso unarudi lakini shela linaungua. Lesi na ushanga vyote vinageuka doa jeupe tupu, na kilichoungua hakirudishwi na programu yoyote.

Dawa yake ni maski, na kwangu mimi hii peke yake inatosha kuwa sababu ya kujifunza GIMP. Nakili leya, yaani tabaka la picha, kwa Ctrl+Shift+D. Kwenye leya ya juu fungua Curves, pandisha sehemu ya kati ya mstari mpaka uso ukae sawa, usiliangalie shela kabisa. Kisha bonyeza leya hiyo kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua kuongeza maski ya leya, na uchague nyeusi. Mng'aro wote unapotea, kwa sababu kwenye maski nyeusi huficha na nyeupe huonyesha. Chukua brashi laini, rangi nyeupe, nguvu yake (Opacity) ishushe hadi asilimia 30 hivi, upake taratibu juu ya uso, shingo na mikono. Mwanga unaingia pale ulipopaka tu. Ukivuka mpaka ukagusa shela, bonyeza X rangi zibadilishane, upake nyeusi, kosa limefutika. Hakuna kilichoharibika, kwa kuwa picha yenyewe hujaigusa.

Mikono ina jambo lake. Bibi harusi wa hapa ana hina na piko kuanzia vidole hadi juu ya kiwiko, na wapambaji wamekesha wakiichora. Ukiing'arisha mikono ovyo, piko linageuka kijivu na hina inapoteza wekundu wake. Kwa hiyo, kabla ya kupandisha mstari wa Curves, weka nukta karibu na mwisho wa kushoto ili weusi ubaki pale pale. Ngozi itang'aa, piko litabaki jeusi. Wateja wanaliona hili kuliko unavyodhani. Mama wa bibi harusi huwa anaanza na picha za mikono.

Na hapa nina la kusema kuhusu rangi ya ngozi. Upigaji picha wa rangi ulianza kwa kumpuuza mtu mweusi. Kadi ambazo Kodak waliwapa wasafishaji wa picha ili kulinganisha rangi, tangu miaka ya 1950, zilibeba sura ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha iliyotoka vizuri. Sisi tuna zana mkononi, hatuna sababu ya kuendeleza hilo. Kuutoa uso gizani ni tofauti na kuuchubua. Linganisha uso na mkono, shingo na sikio: rangi hizo zikiachana, umezidisha. Mteja akiniomba nimfanye mweupe, namwonyesha kwanza picha yake iliyorekebishwa mwanga tu, kwenye kioo kikubwa cha kompyuta, na karibu kila mara ombi linaishia hapo.

Zana ya kuponya inaitwa Heal, alama yake ni plasta, na unaiita kwa herufi H. Jirani yake ni Clone, yenye alama ya mhuri, herufi C. Zote unazianza kwa kushika Ctrl na kubofya mahali pazuri, kisha unapaka juu ya doa. Tofauti yao ni hii: Clone inabandika kiraka kama kilivyo, Heal ni kama fundi cherehani anayetafuta kiraka cha rangi ya nguo, yaani inachukua umbile la pale ulipobofya na kulioanisha na mwanga wa pale unapopaka. Chunusi, jasho linalong'aa, mkwaruzo kwenye picha ya zamani ya babu iliyoskaniwa, hizo ni kazi za Heal. Ila karibu na ukingo mkali, mfano pale shavu linapokutana na mtandio, Heal huvuta rangi ya upande wa pili na kuacha uchafu. Hapo tumia Clone. Fanya yote juu ya leya mpya isiyo na kitu, ukiwa umetia alama kwenye Sample merged katika mipangilio ya zana ili isome leya za chini, na siku mteja akisema rudisha kidoti changu, ukirudishe. Kidoti si doa. Makovu pia nauliza kwanza.

Picha za paspoti ni hesabu tu. Kipimo kinachotumika mahali pengi ni milimita 35 kwa 45, ambacho kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) ni pikseli 413 kwa 531. Kwenye zana ya kukata picha funga uwiano wa 35:45, kata, kisha ipunguze kwa Scale Image. Karatasi ya inchi 4 kwa 6 inabeba nane bila shida.

Jambo moja huwasumbua wengi: ukibonyeza Ctrl+S, GIMP inahifadhi faili la XCF, aina yake yenyewe, ambalo simu haifungui na duka la kuchapisha halilitaki. Ndivyo ilivyopangwa tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012. XCF ndilo linalotunza leya na maski zako, na JPEG, faili la picha la kawaida, unaitoa kwa Ctrl+Shift+E. Ni mpangilio mzuri. JPEG inapoteza kidogo kila unapoihifadhi upya, na XCF inakulinda na hilo.

Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, limeleta kitu kilichosubiriwa kwa miaka: vichujio vingi, kama cha kunoa au cha kutia ukungu, vinabaki hai juu ya leya, unaweza kurudi kuvibadilisha au kuvizima. Mwenye toleo la zamani la 2.10 kwenye kompyuta ahamie.

Mapungufu yapo. GIMP peke yake haifungui faili za RAW, yaani picha ghafi za kamera. Inahitaji programu ya darktable au RawTherapee pembeni, nazo ni za bure. Mafunzo kwa Kiswahili ni machache sana, kwa hiyo anayejifunza anajikuta akipambana na Kiingereza na zana kwa wakati mmoja, na hilo linawakatisha tamaa vijana wenye jicho zuri kabisa. Kwa mwenye simu tu, Snapseed itamtosha kwa picha za mtandaoni. Asiye na nafasi kwenye diski ajaribu Photopea, inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Lakini mwenye kompyuta na wateja wa harusi, ningemwambia aweke GIMP leo, achukue picha moja yenye shela jeupe, aanze na maski.